Sura ya Uhuru Haijachapwa

Umbilo, Durban
Machi 1998

Dada Atupele, shikamoo.

Huku mvua haikatiki, na shemeji yako Godson hanyamazi. Tasnifu yake inamhusu Jefferson, yule Mmarekani aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa huku akiwa na mamia ya watumwa. Nikamuuliza iweje. Akanijibu, "Rhoda, zama zake ndivyo zilivyokuwa. Chai iko wapi?"

Kila ukurasa namchapia mimi. Aliahidi kwamba akimaliza, zamu ya kusoma ni yangu. Jana kaniambia nisubiri, anataka shahada nyingine kwanza.

Eish, dada, nimechoka. Nimeshajiandikisha uuguzi, Jumatatu naanza. Sura ya mwisho, ile ya uhuru, nimemwachia mezani pamoja na taipureta.

Mdogo wako,
Rhoda