Mraba wa Kwanza Tu

Jumanne, 2 Agosti 2022
Mvua, siku ya nne. Brodie, mume wa binti yangu Jacinta, kaniletea zawadi ya kustaafu: karatasi yenye namba moja. Tarakimu 309! Ndiyo kufuli ya mageti ya bwawa letu, yanayofunguliwa kwa kompyuta. Namba yenyewe si siri, kasema. Siri ni namba tasa mbili zilizozidishwa kuipata; anayezijua anafungua mageti. "Haya, mwalimu, zitafute. Mashine zote za dunia zitazeeka kabla." Tumecheka sana.

Alhamisi, 4 Agosti
Haigawanyiki kwa 3, wala 7, wala 11. Nimefika milioni — hakuna. Namba ngumu, nzuri.
Kisha, kwa mchezo tu, njia ya zamani niliyowafundisha watoto. Mfano 5609. Kipeuo chake cha pili ni 74 na ushei. Panda hadi 75. Mraba wake 5625. Toa: zinabaki 16, yaani nne mara nne. Basi 75 toa nne, 75 jumlisha nne — 71 mara 79. Inafaa pale tu namba mbili zinapokaribiana sana. Na nani mwenye akili atengeneze kufuli hivyo?
Nikaandika mistari sita kwenye kompyuta, ijaribu njia hiyo kwa namba ya Brodie, nikaenda kubandika birika.
Birika halijachemka, jibu lipo. Mraba wa kwanza tu!
Nimezizidisha upya mara tatu. Ndizo.

Ijumaa, 5 Agosti
Nimemwonyesha Brodie jibu. "Mama, umemwambia nani?" Nikamjibu: wewe tu. Kapeleka kwa Hanrahan, bosi wake. Jibu: kufuli ina miaka kumi na moja, haijasumbua. Kuibadilisha ni kusimamisha mageti siku mbili, na bwawa limejaa. Mvua ikatike kwanza. Bibi arudi kwenye kufuma kwake.
Kufuma! Sijawahi kushika sindano.
Lakini si Hanrahan anayeninyima raha. Ni hiyo miaka kumi na moja. Mistari sita — na watu wangapi wameiona namba hii?

Jumatatu, 8 Agosti
Nimemsihi Jacinta ahamie kwangu mlimani. Nyumba yao iko chini ya bwawa, hatua arobaini kutoka mtoni. "Mama, nihame kwa sababu ya hesabu?" Ndiyo, hesabu. Kacheka. Hakuja.

Jumanne, 9 Agosti
Saa nne na dakika kumi asubuhi. Brodie kapiga kutoka bwawani, anahema. Geti la tatu limefunguka. Amri imetoka kwenye kompyuta ya nje, kwa ufunguo sahihi. Wakilifunga, linafunguliwa tena. Nyuma yake namsikia Hanrahan: "Muulize mkweo yuko wapi!"
Jikoni. Kompyuta sijaiwasha tangu Ijumaa.
Halafu Brodie, kwa sauti ya chini: "Mama, polisi wanakuja kwako. Usiguse kitu."
Nikamuuliza: king'ora cha mtoni mmepiga?
Kasema Hanrahan hataki. Mpaka wajue ni nani.
Mpaka wajue ni nani!
Saa nne na robo. Naandika saa ili ijulikane nilikuwa wapi. Dirishani, uzio wa kando ya mto hauonekani tena, ni maji matupu. Magari mawili ya polisi yanapanda kilima chetu. La kwenda mtoni, hakuna hata moja. Nampigia Jacinta. Simu inaita. Inaita tu —