Adelard Atabatizwa Jumapili

Jumapili, 11 Januari 2026

Nimechoka na watu. Mwinjilisti wetu Clavery kabatiza tena watu kumi na mmoja kwenye kijito. Tena! Watu waliobatizwa utotoni, hapa hapa Kamuli, kwenye kanisa letu hili hili la Anglikana. Anasema maji ya kwenye paji la uso hayahesabiki kwa mtoto asiyejua anachokubali. Dada Evaresta naye kazamishwa. Katoka anatetemeka, anacheka.

Nilitaka kusema ubatizo ni mmoja, tunaukiri kila Jumapili kwa sauti. Sikusema. Mbele ya watu sauti hunikwama.

Jumatatu, 12 Januari

Nimemwambia dada jikoni, tukimenya ebitoke, ndizi za mchana. Kwamba Mungu hakosei mara ya kwanza hata arudie. Kwamba Adelard wake ana miezi mitano na hajabatizwa. Kacheka. "Haya, askofu. Matokeo ya Form Four hayajatoka, wewe umeshapata dayosisi." Kisha akaacha kucheka: mtoto atachagua mwenyewe akikua, na nisimguse na kitabu changu cha sala.

Kitabu chenyewe cha marehemu bibi. Hakijamuuma mtu.

Alhamisi, 15 Januari

Asubuhi Adelard alipata degedege. Macho juu, mwili mkavu kama ubao. Shemeji Dusabe yuko Mabira, simu haishiki. Dada kakimbilia barabarani kutafuta bodaboda, kaniachia mtoto. Nikajua anakufa mikononi mwangu. Bibi alinifundisha: mtoto akiwa hatarini na mchungaji yuko mbali, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Kulikuwa na maji kwenye kikombe cha bluu. Nilimmwagia mara tatu, nikataja jina lake, na Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Sauti haikukwama hata kidogo.

Zahanati wakamchoma sindano, jioni akanyonya. Sindano ndiyo iliyomtuliza, sidai vingine. Dada sijamwambia.

Jumatano, 21 Januari

Mchungaji Polikarpi kaja na pikipiki yake, kasikia habari za kijito. Kamkalisha Clavery nje ya kanisa. Mimi nafagia ndani, dirisha wazi. Clavery anadai vijana wanahamia kwa walokole, afadhali tuwape maji mengi wabaki. Mchungaji: "Na mkeo, kila mkigombana unafunga naye ndoa upya?" Nilitamani kupiga makofi. Mchungaji kaamua: watoto watabatizwa Jumapili.

Nyumbani nikamkuta dada analia. Anataka Adelard awe wa kwanza. "Angekufa hivi hivi, Koku, kwa ubishi wangu." Na msimamizi wake wa ubatizo niwe mimi.

Hapo ndipo ningesema. Nikasema maharage yanaungua.

Jumamosi, 24 Januari

Nimeshinda. Basi mbona najisikia hivi? Wiki mbili nimewakasirikia watu waliorudia ubatizo — na kesho nitasimama mbele ya kanisa zima nimtoe mtoto arudiwe. Nikisema ukweli, dada atajua nilimzunguka, wote wakisikiliza. Clavery atapata la kucheka mwaka mzima.

Kitabu cha sala kina maneno ya kubatiza kwa sharti, "kama hujabatizwa", lakini hayo ni ya mwenye shaka. Mimi sina shaka. Nilikuwepo.

Leo nimejaribu kumwambia dada mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza kama nguo nyeupe inambana mtoto. Inambana.

Jumapili, 25 Januari

Wamegonga rimu ya gari mara ya kwanza. Ndiyo kengele yetu.

Mchungaji huanza na swali kabla ya sala yoyote: mtoto huyu ameshabatizwa, au bado? Humuuliza aliyembeba.

Nimemwomba dada ambebe yeye. Kakataa. Anasema yeye atalia tu, na majibu yote nayajua mimi.

Rimu tena. Adelard yuko mapajani mwangu, anavuta ukurasa huu.