Elektroni Kwenye Kichochoro cha Shangazi

Mama,

Shikamoo. Isome hii umekaa, maana Shangazi Zuhura kakubali niende kusoma Ulaya!

Jana mvua ilitufungia ndani. Tukakaa dirishani kwake, pale anapochungulia wapita njia wa kichochoroni kutwa, tunakula mkate wa kumimina kwa chai. Akaniuliza kwa dharau nnataka kusomea kitu gani hasa. Nikamgusa pete yake. Nikamwambia kuna pete za dhahabu ndogo kuliko chembe ya vumbi, na elektroni moja ikiingia humo hupita kulia na kushoto kwa pamoja, kama wimbi, kisha hukutana na nafsi yake upande wa pili.

"Mtu mmoja apite vichochoro viwili kwa mpigo? Mwongo we!"

Nikatia maji kwenye sinia, nikawa nachovya vidole viwili, huku na huku. Mawimbi yakakutana: pengine yakanyanyuka, pengine yakafutana, maji yakatulia tuli. Shangazi akatazama mpaka chai ikapoa.

"Na nikimchungulia nijue kapita wapi?"

"Hapo atapita njia moja tu, Shangazi, na mchezo wote utavunjika."

Akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Huyo nnamjua! Nshawaona wengi wa namna hiyo hapa chini." Akamwita Ami Saidi, aliyekuwa akinipinga kuliko wote. "Mwacheni mtoto aende."

Wabusu wadogo zangu hapo Tanga, na dua zako zisinipungukie. Shangazi kanipa wasia mmoja tu: nikifika huko, nisichungulie.

Mwanao Salma