Herufi Zako Nono Zilizotundikwa Igawa

Kamwene, Baba.

Nina kinyaa ambacho hata nikinawa hakitoki. Tangu tukuzike hapa Kihesa, Iringa, niliendelea kupanga herufi kwenye kiwanda cha chapa, kama ulivyonifundisha. Mwezi uliopita mwenye kiwanda aliniletea tangazo la mlowezi mmoja wa Igawa: wote wanaolima kando ya mto waondoke kabla ya mvua, nyumba zao zitabomolewa. Nikachukua herufi nyembamba. Akanizuia.

"Weka zile nono za baba yako. Zinaonekana mbali, halafu zinafurahisha."

Zinafurahisha! Baba, zile ulizichonga kwa mkono wako, mviringo, matumbo mbele kama watoto walioshiba, kwa ajili ya sikukuu ya watoto wa parokia. Nilikuwa sijajua kusoma ulipoziweka mapajani mwangu. Ukasema, "Ukiitazama O hii usipocheka, nimeichonga vibaya." Nikanuna makusudi. Ukaichonga upya.

Nilikataa kupanga. Akapanga mwenyewe, huku anapiga mluzi. Ningeweza kumtapikia miguuni.

Wiki ile ile nikapanda lori kwenda Igawa kwa shangazi Oliva. Makaratasi yalikuwa kwenye kila mti, hata kwenye mlango wa kanisa. ONDOKENI, nono, nyeusi, zinacheka. Watoto walikuwa wanayarukia wakishangilia. Shangazi, na unajua hajui kusoma, alikuwa ameshabandika moja ukutani kwake. Na ulezi wa pombe ameshauloweka!

"Huu mkono wa kaka yangu," akaniambia. "Haya, soma. Sherehe lini?"

Nikamsomea. Mimi, Baba, kwa mdomo wangu huu. Hakulia. Aliibandua ile karatasi polepole, akaikunja, kisha akaniuliza, "Na yeye alijua?"

Nikamwambia tangazo lilipoletwa ulikuwa umeshakufa. Akatikisa kichwa tu, akaenda kuumwaga ule ulezi. Sijui kama aliniamini.

Niliporudi Iringa niliingia kiwandani mchana kweupe, nikabeba sanduku zima la herufi zako kichwani. Yule bwana akapiga kelele kwamba mimi mwizi. Nikatema mate mlangoni pake, nikaenda zangu. Najua ungenigombeza kwa mate yale. Kazi imekwisha, sasa nauza viazi sokoni, na sijutii.

Shangazi yuko kwangu. Nyumba yake waliibomoa kweli, wakakanyaga na mbegu. Anapalilia bustani yetu, na akipita chumba chenye sanduku lako hugeuza uso. Hilo ndilo linaloniuma kuliko matusi ya yule bwana.

Pumzika, Baba. Sanduku halitoki humu nikiwa hai. Na shangazi nitamwambia leo, nitamwambia na kesho, hata akinichoka, kwamba kaka yake hakujua.

Mwanao,
Agnesi