Mwanangu Rubani Yuko Stendibai, Nami Nina Nadhiri

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla sijasema shida yangu nianze na shukrani, maana bila hivyo utadhani mimi ni mama wa kulalamika, nami sina la kulalamikia hata moja, alhamdulillah, Mungu amenipa kuliko nilivyoomba na ndiyo maana nimeingia matatani. Jina langu Biubwa, wa Ndagoni, Mafia, na usihangaike kulificha, kwa sababu rubani wa kike aliyetoka Ndagoni ni mmoja tu, na nikijiita "mama mwenye mawazo" kisiwa kizima kitajua ni mimi kabla ya adhuhuri.

Huyo rubani ni binti yangu Aziza. Tangu mdogo akisikia ndege alikuwa anatupa kamba za mwani anakimbilia nje kutazama juu, mimi namfokea arudi tufunge mwani, maji yanajaa, yeye hasikii. Mwalimu Cresensia, aliyeletwa huku kutoka bara, ndiye aliyemkalisha jioni kwa jioni akamfundisha hesabu na fizikia, watu wa msikitini wakamwombea dua, majirani wakanishikia kazi yangu ya mwani nilipomsindikiza Dar kwenye usaili. Basi siku alipoondoka kwenda kusomea urubani nilisimama uani nikaweka nadhiri, nikasema, "Ewe Mola wangu, siku mwanangu atakapoitua ndege hapa Mafia kwa mikono yake, siku hiyo hiyo nitachinja mbuzi na watu watakula." Maneno yangu ndiyo hayo, na baba yake, Shaibu, alikuwepo akasikia.

Mwaka huu ameajiriwa na kampuni moja yenye ndege ndogo zinazotoka Dar kwenda huku na huku, Mafia ikiwemo, ni rubani msaidizi, anakaa pembeni ya kapteni, ana usukani wake na kuitua wanaitua pamoja. Nikasema basi, mwezi huu huu mbuzi ataliwa. Kumbe, mwenzangu, sikujua mambo ya marubani! Kumbe rubani mgeni kazini hana siku yake. Wakongwe ndio wanaochagua safari kwanza, wageni wanapewa kilichobaki, na kilichobaki ni stendibai, yaani unakaa kwako karibu na uwanja, nguo zimepigwa pasi, simu mkononi, hujui kama utaitwa wala utapelekwa wapi, mwenzako akiumwa au safari ikiongezwa unaitwa na unatakiwa ufike chapuchapu, na usipoitwa jioni unavua nguo unakula wali wako. Aliponieleza nikamwuliza, "Sasa mwanangu, hiyo ni kazi au ni kungoja posa?" Akacheka mpaka akakohoa.

Ameshakuja nyumbani kwenye siku zake za mapumziko, nashukuru sana, lakini alikuja abiria, na nadhiri yangu haikusema abiria.

Siku moja akaniambia kapangiwa safari ya Mafia kesho yake. Wallahi nilichanganyikiwa kwa furaha. Shaibu akachinja alfajiri, tukapika pilau, masufuria tukayapakia kwenye bodaboda za Ally na wenzake, wale wanaongoja abiria uwanjani kila siku, akina mama tumevaa kanga za sare, hao mpaka uwanjani Kilindoni. Ndege ikatua, tukaachia vigelegele, mlango ukafunguliwa, akashuka mzee wa bara mwenye mvi na kitambi, na nyuma yake kijana nisiyemjua. Vigelegele vikakatika vyote isipokuwa vya Bimkubwa, jirani yangu, ambaye macho yake hayaoni mbali, yeye akaendelea peke yake mpaka nikamvuta kanga. Yule mzee akaja hadi kwenye uzio, akasema, "Shikamoo mama, wewe ndiye Mama Aziza? Mimi ni Kapteni Costantine. Mwanao kabadilishiwa asubuhi, mwenzake wa Mtwara kaumwa. Kanituma nikuombe radhi." Nikaitika marahaba, ingawa nadhani tunalingana umri, nikampa sahani, ningefanyaje? Akala kwa kusimama, akamaliza, akaniambia hajawahi kupokelewa hivyo hata kwa mama yake mzazi. Abiria wakala, wabeba mizigo wakala, mbuzi akaisha, na rubani wangu yuko Mtwara.

Tangu hapo nikawa nampigia simu kila asubuhi. "Leo vipi, umeitwa?" "Bado, mama." "Wakikuita uniambie." Sikuona ubaya, jamani, ni mama anaulizia mtoto. Mpaka asubuhi moja nikamshika na habari za mbuzi wa pili niliyemtafuta, ambaye amenilia kanga mbichi kwenye kamba, upande mzima! Aziza akasema, "Mama, niachie laini, simu ya kazini inaweza kuingia," nikamwambia neno moja tu, na neno langu moja halina mwisho, hilo nalijua mwenyewe. Ofisini wakapiga wakakuta simu inatumika, wakapiga tena inatumika, wakamwita mwingine. Na unajua safari yenyewe ilikuwa ya wapi? Ya Mafia! Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, niliizuia ndege ya nadhiri yangu.

Aziza akaitwa na mkuu wake kujieleza, naye bado yuko kwenye miezi ya majaribio, wakiona hapatikani wanaweza kumwacha. Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Mama, nakushukuru kwa yote uliyonifanyia, lakini naomba usinipigie asubuhi," nikalia, mwani wa siku ile nilifunga hovyo ukachukuliwa na maji.

Sasa binamu yangu Zubery, aliyeko Dar, anafahamiana na bosi mmoja wa kampuni hiyo, anasema atamnong'oneza Aziza apangiwe Mafia siku maalumu, sisi tujulishwe mapema, tupike kwa utulivu, nadhiri itoke, kila mtu apumzike. Anangoja niseme ndiyo. Shaibu ananiambia, "Biubwa, muache mtoto afanye kazi," halafu anarudi kwenye shughuli zake, ndivyo alivyo. Aziza hajui lolote. Mimi sitaki kumharibia mwanangu, lakini nadhiri nayo si kitu cha kuchezea, na watu niliotaka wamle mbuzi huyo bado wapo, wengine wazee, Bimkubwa kila akiniona ananiuliza kama atakula yeye au watakula warithi wake. Ndege zikiondoka Kilindoni kurudi Dar zinapita juu ya nyumba yetu, na kila ikipita natoka nje na mikono yangu ina unga, natazama juu, nasema labda ni yeye. Mshauri, nimruhusu Zubery? Na yule mbuzi wa kwanza kahesabika au hakuhesabika? Na nimwombeje radhi mwanangu wakati simu yenyewe ndiyo nimekatazwa?

Biubwa, Ndagoni, Mafia


Bi Mwanahalima anajibu:

Bi Biubwa, hongera kwanza. Hongera ya kulea, na hongera ya kukumbuka walioshika mkono wa mtoto wako, maana wengi tukishapata tunasahau hata jina la mwalimu. Nilipofika kwa Bimkubwa na vigelegele vyake niliweka barua mezani nikacheka peke yangu. Nilipofika kwenye simu ya asubuhi sikucheka tena.

Mwanao amekueleza kwa Kiswahili kisicho na mafumbo kwamba kazi yake siku hizo ni kupatikana. Hajaambiwa aruke, ameambiwa apatikane. Wewe ukamfanya asipatikane, kwa habari za kanga iliyoliwa na mbuzi! Stendibai si kukaa bure, mama. Siku rubani mmoja ameamka na homa, yule aliyekaa na simu wazi ndiye anayefanya mgonjwa wenu wa Mafia afike hospitali Dar na bibi harusi afike kwake. Kazi hiyo wanapewa wageni, ni kweli, na ni ngumu kwa sababu haina tarehe. Lakini haidumu. Wakiajiriwa wengine nyuma yake, naye atasogea, atachagua siku zake. Huyo Kapteni wako mla pilau naye aliwahi kuwa mgeni.

Zubery mpigie leo, umwambie asante, hapana. Usimwachie "nitafikiria", maana watu wa aina yake wakisikia hivyo wanasikia ndiyo. Aziza ni mgeni kazini na ameshaitwa kujieleza mara moja. Akipangiwa safari kwa kunong'onezwa na binamu wa mama yake, wenzake watajua kabla yake mwenyewe, na kila atakapofanya vizuri watasema ni Zubery. Umemsomesha asimame kwa kichwa chake, sasa unataka kumwekea mkongojo? Mume wako amesema maneno matano tu na yote ni ya kweli. Msikilize.

Radhi ni rahisi kuliko unavyodhani. Umekatazwa asubuhi, hukukatazwa jioni. Mtumie ujumbe wa sauti jioni, umwambie, "Mwanangu, nilikosea, sitarudia," na umweleze habari ya Zubery pia, asije akaisikia kwa watu. Baada ya hapo mweleze ya mbuzi, ya kanga, ya Bimkubwa, uwe mrefu upendavyo, atausikiliza amevua viatu. Asubuhi simu yako iweke kabatini ukafunge mwani, tena uufunge vizuri.

Sasa nadhiri. Mimi si shehe. Nenda kwa imamu wa msikiti wenu, umtajie maneno yale yale uliyoniandikia, yeye ndiye atakayekuambia hukumu ya mbuzi wa kwanza, na nani ale wa pili na nani asile. Kwa akili yangu ndogo, yule wa kwanza alikuwa sadaka, watu walishiba, na hakuna kilichopotea. Ila mimi nimeisoma barua yako kwa makini. Umemwambia Mola wako kwamba siku mwanao atakapoitua ndege, siku hiyo hiyo utachinja na watu watakula. Nimetafuta mahali uliposema Aziza awepo kwenye sinia, sikuona. Nimetafuta uwanja wa ndege, nimetafuta kanga za sare, nimetafuta kujulishwa mapema, sikuona hata kimoja. Hayo yote umeyaongeza wewe kwa furaha. Furaha yako siilaumu, dada yangu, ningekuwa wewe ningeleta na ngoma. Lakini ndiyo hiyo inayomminya mtoto.

Mungu hukumwahidi tarehe, basi usimdai Aziza tarehe. Mbuzi akae amefungwa, mbali na kamba ya nguo. Mchele uwe ndani, viungo viwe ndani, kuni ziwe kavu, na majirani wajue kwamba wataitwa siku yoyote bila taarifa. Ally wa bodaboda mpe kazi moja: yuko pale uwanjani kila siku, akimwona Aziza ndani ya ile ndege, akupigie wewe. Yeye akupigie, siyo mwanao. Mkisikia hivyo ndipo Shaibu atachinja na sufuria litapanda motoni, wala haidhuru ndege ikiwa imeshaondoka. Anayekaa stendibai sasa ni wewe na mbuzi wako.

Lipo moja nilitaka kuliruka nikaona si haki. Ndege hizo hazikai uwanjani, zinashusha na kupakia zinaondoka, na kutoka Ndagoni hadi Kilindoni hutawahi hata kwa bodaboda. Siku uliyoiombea miaka yote hiyo, huenda usiuone uso wa mwanao. Najua linauma. Mimi pia ni mama. Kumbatio lako utalipata kwenye mapumziko yake, akija abiria, na siku hiyo usimwambie tena kwamba nadhiri haikusema abiria.

Basi Ally akikupigia, usimuulize maswali. Shukuru, kata simu, umshike Bimkubwa mkono mtoke nje. Ndege itapita juu ya nyumba yako kama zinavyopita zote. Mpungie. Aziza atakuwa kazini, huenda asitazame chini, wewe mpungie hivyo hivyo, na Bimkubwa mwache apige vigelegele mpaka achoke, usimvute kanga. Ikishapotea machoni, nawa unga mikononi, umwite Shaibu aje na kisu.