Rimoti Mkononi mwa Nabiha

Fuad, wacha nikwambie yaliyonikuta kule ufukweni Mama Ngina jioni hii.

Nimempeleka mwanangu Nabiha tukachezeshe ile gari yangu ya rimoti. Mara akatokea Lennox, jirani yangu, na gari yake ya rimoti. Akampa mwanangu rimoti. Akampa tu, hivi hivi.

Mtoto akaizungusha ile gari mpaka watu wakasimama kutazama. Nikamuuliza, umejifunza lini wewe? Akanijibu, "Anko Lennox huniachia niendeshe. Wewe huniita niokote tu ikipinduka."

Niokote, Fuad. Mwanangu wa kumzaa, na Lennox yuwasikia.

Halafu gari ikapinduka. Nabiha rimoti hakuiachia. Akanambia, "Baba, kaokote."

Nikaenda mbio, Fuad. Kuokota gari ya Lennox.