Nyuki wa Kaburi la Bibi Zuhura

Alhamisi, 8 Julai 1976

Nimetundika mizinga leo. Yote juu ya miyombo, nimepanda bila kamba. Kijiji hiki hakuna mwingine anayepanda bila kamba, na Ugalla nzima sijui kama yupo. Mgongo unauma kidogo. Ni baridi tu.

Jioni kwa Dada Tatu. Ugali wa mhogo na kisamvu. Tumepanga safari ya Shaabani. Kila mwaka tunarudi mahameni, kijiji chetu cha zamani kule msituni, kusafisha kaburi la bibi yetu, Bibi Zuhura. Serikali ilituhamisha tuje kukaa huku barabarani. Watu wakahama. Bibi hakuhama. Dada anasema safari hii miguu yake haifiki, niende mimi nimletee asali. Nikamwambia nitambeba mgongoni, mimi niliwahi kubeba nyati mzima kutoka mtoni mpaka nyumbani. Akasema, "Mwaka jana huyo nyati alikuwa swala."

Dada ananijua.

Ijumaa, 9 Julai

Nina hasira. Herufi zinakimbia.

Imamu wetu macho yamekwisha, kwa hiyo mimbari kamwachia mgeni, Ustadhi Masudi, aliyeshuka na treni Mpanda wakati wa kuvuna mahindi. Sauti anayo. Kiarabu kinamtoka kama maji. Leo kapanda akaanza na Wakatoliki. Tusile kwao. Tusiwazike, wasituzike. Jirani yangu Kristofa, Mpimbwe wa Mamba, ndiye aliyefyatua matofali ya msikiti huo huo. Ustadhi alikuwa ameegemea matofali ya Kristofa wakati anasema.

Halafu akamgeukia Bibi. Kwamba tunaabudu kaburi. Kwamba ni la mwanamke, tena mtumwa. Kwamba dhikri ya akina mama ni ngoma ya shetani. Akasema kabla ya Shaabani kaburi lilazwe sawa na ardhi.

Mtumwa. Ndiyo, aliletwa na msafara, akaugua, wakamtupa njiani afe. Babu akamwokota. Kitu pekee alichokuwa nacho ni Kurani, nayo ilikuwa kichwani mwake. Kabla ya Bibi huku kwetu hakuna aliyejua hata Alhamdu. Huyo Imamu mwenyewe alifundishwa na Bibi. Alikaa kimya, uso ukutani.

Na mimi nilikaa kimya. Mimi, ambaye faru alinikimbia. Nasema faru ndiye aliyenikimbia mimi.

Jumamosi, 10 Julai

Wamechoma ubao wa Bibi.

Walikuja asubuhi kwa Dada, vijana wa Ustadhi. Wakachukua ngoma ya dhikri. Wakachukua ubao ambao Bibi aliwafundishia watu kusoma, kwa sababu akina mama huosha maandishi yake wakanywa wakiumwa. Ubao ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha ndani. Mgeni hawezi kujua. Aliyewaonyesha ni Hamisi, mtoto wa Dada, mpwa wangu niliyemfundisha kuwasha kienge na kufukiza nyuki. Akaingia, akautoa, akaupeleka mwenyewe kwenye moto pale uwanja wa msikiti.

Maandishi ya Kurani yalikuwa bado yanaonekana kwenye ubao. Wino wa masizi hautoki wote. Wanachoma Kurani halafu wanasema Allahu Akbar.

Nilimfuata Hamisi. Nikamwita mshenzi mbele za watu. Akanijibu kwa adabu, ndiyo iliyoniuma zaidi: "Shikamoo Mjomba. Mimi nawaokoa nyie na moto."

Ningempiga. Sikumpiga. Amekuwa mrefu kuliko mimi.

Jumatatu, 12 Julai

Dada hajalia. Anapanga vyungu, anavipangua. Hamisi anakula hapo hapo, mama yake anampakulia, hawasemi.

Kristofa kaja kutoa pole. Alisimama nje. Nikamwambia pita ndani, bwana. Akauliza kama ataruhusiwa kunizika nikifa, au aanze kutafuta jirani mwingine wa kumzika. Nikacheka. Mara ya kwanza tangu Ijumaa. Tukala maboga yake. Yalikuwa matamu mno na nimekula makusudi nje, kila mtu aone.

Ijumaa, 16 Julai

Hotuba ileile, moto zaidi. Baada ya swala Ustadhi akataka wa kuwaonyesha kaburi. Watu wa kijiji chetu cha zamani tulitawanywa, wengi walipelekwa upande wa Mpimbwe. Hapa tumebaki nyumba chache, na njia ya mahameni imeshamezwa na nyasi. Vijana hawaijui. Anayejua ni Imamu, haoni. Dada, na jana alipoulizwa alitema mate chini. Na mimi.

Ustadhi akanitazama. Amesikia sifa zangu. Akasema, "Mzee, wanasema msitu wote uko kiganjani mwako."

Nikasimama nikasema ndiyo, nitawapeleka. Nikasema kwa sauti. Nikaongeza na habari za chatu niliyemfunga fundo, ili waone ndiye mimi yule yule.

Dada alikuwa upande wa akina mama, amesikia. Nilipotoka alikuwa njiani. Alinipa mgongo.

Naandika hapa kwa kuwa sina pa kusema. Siwapeleki kwa Bibi. Nikikataa watazunguka msitu mpaka walione, wana miguu na wana wakati. Njia ni moja tu, wavunje kitu warudi wameridhika. Upande wa mashariki wa mahame, mbali na Bibi, kuna kichuguu cha zamani kilichokufa juu, duara, kimo cha mtu. Ukikipaka udongo mweupe ni kuba la kaburi kabisa.

Dada simwambii. Akijua uso wake utasema. Hamisi anausoma uso wa mama yake kama mimi ninavyosoma nyayo.

Jumatano, 21 Julai

Nimeaga kwamba nakwenda kukagua mizinga. Nimekwenda mahameni. Nimekipaka kichuguu udongo mweupe mpaka mikono imebabuka. Nimefagia kukizunguka. Nimesimika kijiti na kitambaa cha kijani, nimekata shati langu la Idi. Nimeweka na chungu kilichovunjika upande wa kichwa, kama tunavyoweka sisi.

Nikakaa chini nikakitazama. Kizuri. Mimi mwenyewe nilitaka kusoma Fatiha.

Kwa Bibi sikupita. Sikutaka kuacha nyayo.

Jumamosi, 24 Julai

Imekwisha.

Tulilala njiani, Ustadhi, Hamisi na vijana wenye masururu. Niliwazungusha. Mto mmoja nimewavusha mara mbili, hawakujua. Ustadhi viatu vilimchubua kisigino mpaka nyama, hakulalamika. Kwa hilo namsifu. Kila swala aliadhini kwa wakati, na alipomaliza maji yake alinigawia mimi kwanza. Angekuwa mtu mbaya moja kwa moja ningelala vizuri leo.

Tulipofika nikaonyesha kwa mkono. Hamisi akakizunguka. Nikaona anatafuta kitu. Akasema, "Mjomba, nililetwa hapa mdogo. Mimi nakumbuka nyuki."

Hapo alinishika. Maana ni kweli. Kaburi la Bibi ni la mawe na udongo, na upande wa kichwa, kwenye ufa, wamo nyuki wadogo wale wasiouma. Wamekaa humo tangu mimi sijaota ndevu. Asali yao ni nyepesi, chachu, ina harufu ya udongo wa mvua ya kwanza. Tunavuta kidogo kwa mrija wa unyasi, kidogo tu, na kila mtoto wa ukoo wetu ndiyo asali ya kwanza kuwekwa ulimini. Hamisi pia.

Nikamjibu, "Nyuki nao walihamishwa." Vijana wakacheka. Hamisi hakucheka. Alinitazama, halafu akatazama sururu lake.

Akapiga yeye kwanza.

Wakabomoa mpaka chini. Huko ndani kichuguu kilikuwa hai, mchwa wakamwagika. Ustadhi akasema, "Tazama, Mzee, mlikuwa mnaabudu mchwa." Nikainamisha kichwa. Walidhani nalia. Nilikuwa nauma shavu nisicheke, halafu nikaona kweli nalia.

Kichuguu ndicho kilichovunjwa. Lakini Hamisi alipoinua mkono, mbele ya macho yake alikuwa Bibi. Alimpiga Bibi. Alimpiga kwa nguvu zote. Hilo sitalisahau na sitaki kulisahau.

Ijumaa, 30 Julai

Shaabani imeingia.

Ustadhi alirudi na donge la kichuguu lenye udongo mweupe. Kaliweka barazani msikitini, watu walione. Akina mama wa dhikri walipita mmoja mmoja wakilia. Mwingine akaligusa akajipaka usoni. Wanalilia nyumba ya mchwa. Nilitaka kupiga kelele.

Mimi nimetukanwa kila njia. Muuza bibi. Mke wa Kristofa alikuja kuniambia kwamba mtoto wa jirani yetu Halima kanitungia wimbo, watoto wengine wanaupokea. Mimi ningeweza kusimama pale nikasema neno moja, kijiji chote kikacheka mwaka mzima, na Ustadhi akapanda treni. Hii ndiyo hadithi kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nayo, na ni ya kweli, haina chumvi hata punje. Haitasemwa. Nikiisema leo, kesho masururu yanarudi msituni.

Kristofa kaja kuliona donge. Mtu wa matofali huyo. Kavunja kipande, kakisugua vidoleni, kakinusa. Akaniangalia. Mdomo ukamcheza. Halafu akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Poleni sana, jirani. Msiba mkubwa." Akaondoka haraka, mabega yanatikisika.

Mungu amjalie kheri Kristofa. Ustadhi aseme anavyotaka.

Jumanne, 3 Agosti

Dada hanisalimu. Chakula changu anampa mtoto wa jirani, anakiweka mlangoni. Leo hakikuja.

Nilikwenda kumwambia. Nilishindwa kuvumilia. Nikafunga mlango, nikamweleza yote, kichuguu, udongo mweupe, shati la Idi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umembeba nyati. Umemfunga chatu fundo. Faru alikukimbia. Leo umemwokoa Bibi." Akafungua mlango nitoke.

Miaka yote nimemchekesha mwanamke yule. Leo kila nilichomchekeshea kilisimama mlangoni kikanizuia.

Nina hasira na Ustadhi. Nina hasira na Hamisi. Nina hasira na Imamu aliyetazama ukuta. Tena nimeanza kuona jambo jingine linaloniuma kuliko yote. Wote wakiamini kaburi halipo, nani atakwenda kufagia? Nani atamsomea? Nimeliokoa kwa kuwaambia watu limekufa. Nikifa mimi, litakufa kweli. Ustadhi atakuwa amefanikiwa bila sururu.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimekwenda kwa Bibi.

Nimepita njia ya nyani, hakuna anayenifuata. Kaburi zima. Mawe yote. Nyasi zilikuwa zimeota, nimeng'oa. Nimesafisha njia ya moto kulizunguka, maana msitu umeshaanza kuchomwa. Nimesoma Yasini. Naijua mpaka katikati, hapo ndipo nilipomtoroka Bibi nikaenda kutafuta nyuki, na fimbo yake ikanikosa. Nimesoma ninayoijua, nikarudia. Natumaini amenisamehe, au amecheka.

Nyuki wako. Wanatoka kwenye ufa kama moshi mwembamba. Nimekata unyasi, nimevuta, nimetia kwenye kibuyu kidogo cha tumbaku nilichokiosha. Kidogo tu.

Kaburi hatuliabudu. Tunafagia, tunasoma, tunarudi nyumbani. Nilitaka kumwambia Ustadhi hivyo siku ile ya kwanza. Niliogopa Kiarabu chake.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimekwenda kwa Dada asubuhi. Hamisi alikuwa ameshatoka shamba. Dada alikuwa anamenya mhogo, hakuinua kichwa. Sikutoa salamu ndefu. Nimeweka kibuyu kwenye jiwe karibu na mkono wake, nikarudi nyuma, nikakaa kizingitini.

Aliendelea kumenya. Halafu akafuta mkono kwenye khanga, akafungua kibuyu, akanusa. Akaingiza kidole. Akaweka ulimini.

Akafumba macho.

Nyuki wale hawahami. Ukivunja nyumba yao wanakufa. Dada ni mtoto wa warina asali, hilo hahitaji kufundishwa.

Alikaa hivyo na kidole mdomoni, kama mtoto mchanga. Machozi yakateremka, hakuyafuta. Baadaye akaziba kibuyu, akakificha ndani ya unga. Akasema polepole, "Wale wadogo hawajambo?"

Nikasema, "Hawajambo."

Nilikuwa na mengi. Njia ya nyani, shati, mto tuliovuka mara mbili. Sikuongeza neno.

Akanisogezea kisu kingine na mhogo. Tukamenya.